Alichofukia Pankras

Karatasi ya mahakama ilimkuta Raimundi akichemsha maharage peke yake. Aliyeileta ni Tadei, mwenyekiti wa kijiji. Aliisomea mlangoni, hakuingia.

"Unaitwa mahakamani Mbinga, mzee. Kesi ya Pankras. Unatakiwa ukaseme kwamba mama Luisa amefariki."

Raimundi alisogeza kuni. "Wewe si ulikuwepo mazikoni?"

"Nilikuwepo."

"Ukashika jembe, ukatupia udongo."

"Nilitupia. Lakini mahakama haikuwepo."

"Basi nenda wewe ukawaambie."

"Wamekutaja wewe, mume." Tadei aliikunja karatasi akaiweka juu ya kinu, maana mzee hakunyoosha mkono kuipokea. "Ni swali moja tu. Ukishajibu, unarudi zako."

Raimundi hakuwa mtu wa maneno hata mkewe alipokuwa hai. Luisa alisema, yeye aliitikia. Walikaa hivyo miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Sasa msemaji amekwenda, na mwitikiaji amebaki na mdomo usio na kazi. Watu walipokuja kumpa pole, aliwapa kigoda akakaa nao kimya mpaka wakachoka wakaaga.

Yeye hakuzaliwa milimani. Kwao ni Ziwa Nyasa, Lipingo. Ujanani alipanda mlima na mzigo wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kichwani, akabadilishana na Wamatengo, akashuka na maharage. Safari moja aliingia uwanjani kwa baba yake Luisa kuomba maji, na binti aliyemletea maji akamwambia ananuka kama mtumbwi. Safari iliyofuata alipita tena hapo hapo, ingawa kiu hakuwa nayo.

Alipokubaliwa, alitakiwa kwanza amsaidie baba mkwe shambani msimu mmoja. Ndipo alipoijua ngolo, na aliijua kwa aibu.

Huku milimani shamba halilimwi kama tambarare. Mlima umesimama kama ukuta, ukiulima ovyo mvua inaubeba udongo wote hadi bondeni. Kwa hiyo mwanamume hufyeka nyasi kwa nyengo, akazilaza kwa mistari inayokatana, kama mkeka wenye matundu makubwa. Kisha mwanamke huja na jembe, akachimba katikati ya kila tundu, na udongo anaoutoa akazifukia zile nyasi. Chini nyasi zinaoza, juu maharage yanaota, na mlima mzima unabaki na mashimo mashimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngolo. Mwanamume analaza, mwanamke anafukia. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na mtoto wa kuchunga mbuzi anaijua.

Raimundi hakuijua. Siku ya kwanza aliamka mapema ili wakwe wamwone si mvivu, akachukua jembe akaanza kufukia. Wanawake walipofika shambani waliangua vicheko mpaka wengine wakakaa chini. Luisa alicheka kuwashinda wote. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, kinachokatika katikati kana kwamba pumzi imemwishia, halafu kinaanza upya.

"Mnyasa amekuja kuolewa," alisema.

Tangu siku hiyo hakushika jembe la kufukia. Jina la Mnyasa lakini lilibaki, na mkewe alimwita hivyo mpaka walipozeeka.

*

Habari ya Pankras ilikuwa hivi.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wanajifunza kulima pamoja na kugombana pamoja. Kijiji kilikuwa kinajenga ghala. Mabati yalitoka Mbamba Bay kwa lori, yakapangwa kando ya barabara karibu na kuta ambazo bado hazijafika kimo, na vijana wakawekewa zamu ya kuyalinda. Pankras alikuwa na zamu siku ambayo kijiji kizima kilikwenda shamba la ujamaa. Watu waliporudi alasiri, rundo lilikuwa limepungua. Mabati mengi, yale ya juu, hayapo.

"Sikuondoka hapa," Pankras alisema. "Hata kujisaidia sikuondoka."

Wazee walimweka kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kumaliza mambo yao. Walimuuliza mara ya kwanza, wakamuuliza tena chakula kilipokwisha. Alirudia maneno yale yale, macho yakiwa chini. Kwa kuwa mabati yalikuwa mali ya kijiji kizima na si ya ukoo, sengu haikuweza kuyamaliza. Polisi wakaitwa.

Alikuja Konstebo Nassoro, mtu wa Pangani, kijana mpole. Viatu vyake vilikuwa vimeshika tope jekundu hadi kifundoni, naye alikuwa ameacha kulihangaikia. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alimwona Pankras siku ile. Karibu wote walikuwa shamba la kijiji. Luisa hakwenda, kifua kilikuwa kinamsumbua. Alikuwa ameshuka kidogo tu bondeni kuokota kuni.

Konstebo alipofika, Luisa alikuwa uwanjani anapukuchua maharage, sufuria iko jikoni. Raimundi alikuwa pembeni anafunga mpini wa shoka. Aliyasikia yote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Hicho kigoda kinayumba, kaa upande."

"Siku ile mabati yalipopotea, ulimwona Pankras?"

"Nilimwona," Luisa alisema, na kicheko kikaanza hapo hapo.

"Wapi?"

"Shambani kwake, kule chini ya kilima. Anafukia, baba. Anafukia ngolo, jasho linamtoka."

"Ngolo ndiyo nini, mama?"

"Mashimo. Mashimo haya ya shamba, huyaoni?"

Konstebo aliandika. "Alikuwa anafukia mashimo. Yeye alikuona?"

"Aliponiona alijitupa kwenye nyasi, puu. Kajificha kama mwizi." Luisa alishika mbavu. "Makalio yako nje, kichwa kiko majanini. Nikajisemea, Luisa, pita, jifanye hujaona, usimwaibishe mtoto wa watu. Nikapita na kuni zangu."

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Angekuwa na nani?"

Sufuria ikafurika jikoni, Luisa akainuka mbio. Aliporudi, konstebo alimsomea haraka haraka alichoandika, akamuuliza kama ndivyo. Luisa alikuwa anapuliza kidole kilichoungua. Alisema ndivyo. Akatiwa wino kwenye dole gumba, akaligandamiza kwenye karatasi. Alilitazama lile doa akasema limefanana na konokono.

Konstebo hakuuliza kwa nini mwanamume ajifiche kwa kufukia shamba lake mwenyewe. Kwao Pangani watu huchimba mashimo ya kupandia minazi, na anayechimba ni yeyote mwenye nguvu. Luisa naye hakueleza. Nani anaeleza kwamba maji yanalowesha?

Na kila mtu kijijini alijua kwamba Hilaria, mke wa Pankras, alikuwa amejifungua vibaya, mtoto hakuishi, na yeye alikuwa kitandani hawezi kusimama. Mvua zilikuwa ukingoni. Nyasi zilikwisha kulazwa, zinakauka juani. Udongo ukishakauka, maharage hakuna, na mwaka huo nyumba hiyo ingekula nini?

Baada ya siku chache Pankras alifungwa pingu. Polisi walikuwa wamefukua ngolo zake wakakuta nyasi. Walisema mabati ameshayahamisha.

Luisa aliposikia aliacha kula. "Nimemfunga mtoto wa watu kwa mzaha," alisema. Raimundi alimwambia si yeye, ni mambo ya serikali. Mkewe hakumsikiliza. "Nitakwenda mwenyewe Mbinga. Nitawaonyesha alivyojikunja. Wakimwona hakimu anacheka, itakuwa imekwisha."

Kesi iliahirishwa. Ikaahirishwa tena. Baridi ya milimani ikaingia, na kile kifua cha Luisa kikageuka kichomi. Alibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Homa ilimnyang'anya maneno kwanza, halafu ikamchukua mwenyewe. Raimundi alikaa kando ya kitanda akisubiri amwambie lolote, amwite Mnyasa walau mara moja. Hakumwita.

*

Asubuhi ya kesi Raimundi alifika Mbinga nguo zikiwa zimelowa umande. Washtakiwa walikuwa wamekalishwa barazani, wakisubiri hakimu. Pankras alikuwa mwishoni, amekonda, pingu zinamcheza mikononi. Askari aliyewalinda alikuwa anamenya muwa, hakuwakataza kuongea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Pole na msiba. Niliambiwa nikiwa ndani. Sikuweza kuja kuzika."

"Nimeshapoa."

Pankras akasogea. "Baba, wewe wamekuita kusema nini?"

"Kwamba amekufa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Basi sema hilo tu. Nakuomba."

Raimundi alimtazama. "Ulikuwa unafukia."

Pankras aliangalia kama askari amesikia. Askari alitema makapi ya muwa. "Baba, taratibu."

"Luisa alikuona."

"Aliniona. Najua aliniona." Sauti ilikuwa imeshuka chini kabisa. "Nikisema nilikuwa shambani, nimeacha zamu. Hilo moja. Halafu wataniuliza nilikuwa nafanya nini. Niseme nini, mbele ya watu wote wale waliokuja kutoka kwetu? Niseme mimi Pankras, mtoto wa Bartholomayo, nilikuwa nafukia? Kaka zangu watakula nami tena kwenye sengu? Watoto watanitungia wimbo."

"Mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshindwa kuzaa bila hata kuficha, baba."

Raimundi aliegemea ukuta. Alikuwa amechoka. Miguu ilikuwa inamuuma, na tangu mazishi uchovu ulikuwa umemkalia mabegani kama mzigo usio na mwenyewe. Alitaka kujibu swali lake moja arudi nyumbani, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu.

"Utafungwa," alisema.

"Anayefungwa hutoka."

"Hilaria?"

Pankras aligeuza uso. Askari alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akawaambia waingie.

*

Chumba kilikuwa kimejaa. Wengi walitoka kijijini, walikuja kuona mwizi wa mabati yao. Hakimu alikuwa mtu wa kutoka mbali, upande wa Bukoba walisema, mfupi, mwenye miwani, na mafua ya milimani yalikuwa yamemshika. Mwendesha mashtaka alikuwa inspekta wa polisi, mrefu, sauti kavu.

Raimundi aliitwa mapema. Akaapa. Inspekta akamuuliza kama alimjua Luisa.

"Mke wangu."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimemzika."

"Alikufa kwa nini?"

"Kichomi."

Inspekta alimletea karatasi. Raimundi hakujua kusoma, lakini chini ya yale maandishi aliliona doa la zambarau, na katikati ya doa mstari mweupe uliokatiza. Kovu lile Luisa alilipata kwa nyengo akiwa msichana. Hakutegemea kulikuta hapo.

"Unalitambua hili dole?"

"Ni lake."

"Una hakika?"

"Mwanangu, nimeushika mkono huo tangu sijaota mvi."

Hakimu akapenga kamasi, akaandika. Inspekta akasema hana swali zaidi. Pankras hakuwa na wakili, na alipoulizwa kama ana swali kwa shahidi alitikisa kichwa. Raimundi akaambiwa anaweza kukaa. Angeweza pia kwenda zake. Alikaa kwa sababu ya miguu.

Ndipo hakimu akaeleza, polepole, ili watu wasikie. Kwa kawaida shahidi huja mwenyewe, akasema, akaulizwa. Lakini shahidi huyu amekufa, na sheria inaruhusu maneno aliyomwambia polisi yasomwe, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumsikia. Akamwita Konstebo Nassoro ayasome.

Konstebo alisimama na viatu vyake vilivyopakwa rangi. Akasoma.

"Mimi Luisa, mkulima, ninaeleza kwamba siku hiyo nilimwona mshtakiwa Pankras chini ya kilima. Alikuwa peke yake anafukia mashimo. Alikuwa anatoka jasho. Aliponiona alijificha kwenye nyasi kama mwizi. Mimi nilipita nikajifanya sijaona."

Mtu mmoja nyuma aliguna, mguno wa kusema kumbe. Wale wa kijijini walimtazama Pankras kwa macho mapya. Waliijua ngolo kuliko konstebo, lakini maneno yalikuwa yamesomwa kwa Kiswahili cha serikali, na Kiswahili cha serikali kikisema mtu anafukia mashimo huku akijificha, hakuna anayefikiria maharage.

Raimundi alikuwa ameinamisha kichwa. Maneno yalikuwa yake Luisa, hilo hakuna wa kulikataa. Anafukia, alisema. Kama mwizi, alisema. Nikajifanya sijaona, alisema. Hakuna neno lililoongezwa. Lakini mwanamke aliyeyasema hivyo, kwa sauti hiyo iliyonyooka, moja baada ya jingine kama mtu anayepanga matofali, Raimundi hakumjua. Mwanamke huyo alikuwa mchongezi. Alikuwa amemwona jirani akifanya uovu, akapita kimya, kisha akaja kumsema kwa polisi. Na mwanamke huyo alikuwa na kovu la mkewe.

Akasimama.

"Siyo hivyo," alisema.

Askari wa mlangoni akamfuata. Hakimu aliinua mkono. "Mzee, ushahidi wako umekwisha."

"Najua, Mheshimiwa."

"Unasema siyo hivyo. Mkeo hakusema maneno haya?"

"Alisema."

"Yote?"

"Yote hayo. Lakini alikuwa anacheka."

Inspekta alitabasamu kidogo. Hakimu hakutabasamu. Alivua miwani, akaifuta, akasema shahidi arudi kizimbani, mahakama itamuuliza yenyewe.

"Ulikuwepo mashimo yanafukiwa?"

"Sikuwepo huko. Nilikuwepo alipocheka."

"Alicheka nini?"

Raimundi alitazama upande wa Pankras. Kijana alikuwa anamkazia macho, kichwa kinakataa polepole. Mzee aliyaona macho hayo, na yalimwelemea. Akasema hata hivyo.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa Lipingo. Nilipokuja kuoa huku nilishika jembe nikafukia ngolo. Wanawake walinicheka. Huyu aliyekufa alinicheka mpaka akakaa chini. Huku mwanamume hafukii. Mwanamume analaza nyasi. Anayefukia ni mwanamke. Ukimwona mwanamume anafukia, amefiwa, au mkewe yuko kitandani. Na atajificha."

Kicheko kilitoka nyuma ya chumba, cha mwanamke mmoja, kikazibwa kwa kiganja. Halafu kingine. Katika dakika hiyo hiyo watu wa kijiji wote walikuwa wameelewa, na aibu ya Pankras ilikuwa imesimama katikati ya chumba bila nguo.

Inspekta aliinuka. "Mzee, mshtakiwa ni jirani yako?"

"Jirani."

"Unamhurumia."

"Namhurumia."

"Kwa hiyo umekuja kuyageuza maneno ya marehemu ili umwokoe."

"Sijayageuza. Mmeyasoma kama yalivyo. Kicheko ndicho mlichokiacha."

Hakimu akamgeukia konstebo. "Marehemu alicheka?"

Konstebo Nassoro alisimama wima, akafikiri. Wengi walitegemea akatae. "Alicheka, Mheshimiwa. Nilidhani ndivyo alivyo, mama mchangamfu. Kicheko huwa hatuandiki."

"Ulijua mashimo hayo ni kilimo chao?"

"Nilijua wanalima kwa mashimo. Sikujua nani anafukia."

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kalamu ilikuwa inakwaruza. Kisha akasema, si kwa inspekta wala kwa yeyote, kwamba shahidi aliye hai ukiona neno lake lina pande mbili unamuuliza upande upi, lakini karatasi ukiiuliza inarudia neno lile lile. Raimundi alielewa. Kwenye sengu mtu husema, akaulizwa, akasema tena, mpaka neno linaiva. Hapa neno lilichukuliwa likiwa bichi, na mwenye kulipika amekufa.

"Mshtakiwa," hakimu alisema zamu ya utetezi ilipofika, "polisi uliwaambia hukuondoka penye mabati. Bado unasema hivyo?"

Pankras alisimama. Pingu zilikuwa zimefunguliwa, lakini alishika mikono pamoja kana kwamba bado zipo. Hakimu akapenga kamasi mara mbili akimsubiri. Raimundi alitazama sakafu. Alikuwa amefanya lake, na lililobaki hakuna mtu ambaye angeweza kumfanyia kijana yule. Kama angekataa tena, maneno ya Luisa yangebaki yalivyosomwa, na kwa maneno hayo angefungwa.

"Niliondoka," Pankras alisema.

"Ulikwenda wapi?"

"Shambani kwangu."

"Kufanya nini?"

"Kufukia."

"Ulifukia nini?"

"Nyasi, Mheshimiwa. Mke wangu alikuwa hawezi. Na kwenye nyasi nilijitupa kweli. Mama Luisa alinipita akaanza kuimba wimbo wa kanisani, ili nidhani hajaniona."

Wimbo huo Raimundi hakuujua. Luisa hakumwambia. Alishika ukingo wa benchi.

Watu walicheka, na safari hii hakimu aliwaacha kidogo kabla ya kugonga meza.

*

Hukumu ilitolewa siku hiyo hiyo, jua likiwa limepinda. Hakimu alisema hakuna bati lililopatikana kwa mshtakiwa, na hakuna aliyemwona na bati. Kilichosimama dhidi yake ni uongo wake na maneno ya marehemu. Uongo ameueleza. Maneno ya marehemu yamepokewa, na yakisikilizwa pamoja na namna yalivyosemwa, hayaonyeshi wizi. Aliacha zamu, na hilo kijiji chake kitajua la kumfanya. Kwa wizi, yuko huru.

Nani aliyaiba mabati, hakuna aliyejua siku hiyo, na baadaye pia hakuna aliyejua. Lori nyingi hupita barabara ile.

Walirudi kwa miguu, watu wa kijiji mbele kwa makundi, Pankras na Raimundi nyuma. Mbele walisikia wanawake wakitajiana jambo na kucheka. Mmoja aligeuka akaita, "Mke wa Hilaria, harakisha, giza linaingia."

Walivuka kijito. Raimundi aliteleza, kijana akamdaka mkono, akamwachia upesi walipofika ng'ambo.

"Umenivua nguo, baba," alisema hatimaye.

"Nimekuvua."

"Nilikuomba."

"Uliniomba."

"Sasa kila nikipita nitaitwa hivyo."

"Mimi nimeitwa Mnyasa mpaka leo. Sikufa." Raimundi alisimama kupumua. Kilima kilichobaki kilionekana kirefu kuliko asubuhi. "Nguo utavaa tena. Na sikukufanyia wewe tu. Sikutaka yule waliyemsoma awe ndiye mke wangu."

Pankras alimsubiri apumue. Walipanda. Walipofika kwenye njia panda ya kwake, moshi ulikuwa unatoka jikoni, kumbe Hilaria amesimama, amejifunga kanga kiunoni, ameshika nguzo ya mlango. Habari zilikuwa zimewatangulia.

"Shikamoo, baba," Hilaria aliita kutoka mbali.

"Marahaba, mama. Umeamka?"

"Nimeamka kidogo. Karibu ule."

"Nimechoka. Kesho."

Pankras alikuwa bado amesimama kando yake. Akainama, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, kisha akashuka kwa mkewe.

Raimundi aliendelea peke yake. Nyumbani moto ulikuwa umezimika, hakuuwasha. Alikaa kwenye kile kigoda kinachoyumba, akajaribu kumsikia Luisa akiyasema yale maneno kama alivyoyasema. Anafukia, baba, jasho linamtoka. Maneno yalikuja, lakini yalikuja kwa sauti ya konstebo, yamenyooka. Alijaribu tena, kuanzia mwanzo, kuanzia aliposema kaa upande. Sauti ya konstebo. Aliacha kujaribu. Akaufikiria ule wimbo wa kanisani aliouimba akipita na kuni zake, wimbo ambao hakuna karatasi iliyouchukua, akajiuliza ulikuwa wimbo upi. Kesho angemuuliza Pankras. Kijana alikuwa amelala majanini, lazima aliusikia vizuri.